Mlio wa Mnoa Visu

Mvua za mwaka ule zilinyesha kila alasiri bila kukosa, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na mabati ya paa la studio yalipiga kelele kiasi kwamba hapakuwa na tamthilia iliyoweza kurekodiwa mpaka zipite. Ilikuwa katika saa hizo za kungoja ambapo Fidencio Barrientos, kijana mwenye shati moja zuri na masikio yaliyomtoka kama vipini vya chungu, alifundishwa kazi. Mwalimu wake alikuwa mzee Hilarión, fundi wa sauti aliyehamia televisheni kutoka redioni, ambaye aliweza kukupa farasi kwa vifuu viwili na moto wa msituni kwa karatasi ya peremende.

Miongoni mwa vyombo vya mzee huyo kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye kengele ya simu. Kengele ile ilikuwa na vikombe viwili vya shaba, na kimoja mzee alikuwa amekivika kipande cha ngozi ya kiatu. Ulipobonyeza kitufe, ilitoka sauti ya ajabu, nusu kengele na nusu kikohozi, ambayo hukupata kuisikia katika nyumba yoyote ya Mji wa Mexico.

"Mzee, samahani," Fidencio alimwambia siku moja, "hii simu inalia kama mbuzi mwenye mafua."

"Ndivyo nilivyoitaka."

"Nikuvulie hiyo ngozi? Itatoa sauti safi, kama simu ya kweli."

"Ukiitoa hiyo nitakutoa wewe." Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, we masikio. Huko majumbani watu wana simu zao. Kuna mama anangoja habari ya mgonjwa hospitalini, na huku anatazama tamthilia yetu ajisahaulishe. Yetu ikilia sawasawa na yake, atainuka. Ikilia tena, atainuka tena. Ya tatu, unajua atafanyaje?"

"Atafanyaje?"

"Mvua imekatika. Beba maikrofoni."

Fidencio alibeba maikrofoni. Moyoni aliyahesabu maneno yale kuwa ni uvivu uliovishwa kanzu ya hekima. Sikio halipiti kichwa, lakini kijana mwenye masikio makubwa ni vigumu kumfundisha hilo.

Miaka ikapita kwa wema. Fidencio alimwoa Amparo, mwanamke mtaratibu, wakapanga vyumba viwili katika nyumba kubwa ya mtaa wa Portales, zile nyumba ambazo milango yote inatazama ua mmoja wenye bomba moja la maji. Mzee Hilarión alipofariki, kisanduku kilimjia Fidencio kama urithi, naye akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo watu huweka vitu wasivyotaka kuvitumia wala kuvitupa. Sifa yake kazini ilikuwa uaminifu. Alipohitaji sauti ya lango, alikwenda kurekodi lango. Alipohitaji sauti ya mwanamke akikanda unga wa mahindi, alimwomba Amparo akande, naye Fidencio akapiga magoti kando ya meza na maikrofoni kama anayesali.

Mkabala wa mlango wake aliishi Tobías, mnoa visu, pamoja na mkewe Obdulia, mshonaji. Tobías alizunguka mitaa na baiskeli yenye jiwe la kunolea, akipuliza filimbi ya matundu ambayo sauti yake ilipanda ngazi hatua kwa hatua kisha ikateremka yote kwa mara moja. Wake wa mtaa walipoisikia walitoka na visu vyao. Mtoto wake wa pekee, Nabor, alipozaliwa, Fidencio ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Tangu siku ile watu hawa hawakuitana tena kwa majina. Walikuwa kompadre na komadre, undugu ambao pale haukatiki hata kwa ugomvi wa bomba.

Tobías alikufa mapema. Nabor alijaribu baiskeli ya baba yake, lakini siku zile watu walikuwa wameanza kutupa visu butu na kununua vingine. Akaamua kwenda kaskazini, kuvuka mpaka. Kabla ya kuondoka alimnunulia mama yake simu ya mkononi. Simu za wakati ule zilimruhusu mtu ajitungie mlio mwenyewe, noti kwa noti, kwa kubonyeza namba. Nabor aliketi kizingitini alasiri nzima, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, mpaka simu ile ikapuliza filimbi ya marehemu baba yake.

"Mama, namba hii hana mtu mwingine ila mimi," alisema. "Ukisikia baba anapita barabarani, kimbia. Ni mimi."

Akaenda. Alikwama mji mmoja wa mpakani, akibeba mizigo sokoni na kungoja nafasi ya kuvuka. Hakuwa na simu yake. Alipiga kutoka simu za barabarani, kila mara namba tofauti, siku yoyote na saa yoyote. Obdulia aliiweka simu yake kwenye rafu, kando ya televisheni, mbele ya picha ya Bikira, na baba alipopita barabarani, alikimbia.

Katika tamthilia za wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia kila kipindi, na zote zililia mlio mmoja, mlio mkavu uliotoka kwenye santuri ya studio. Watu waliona, na watu wa Portales wakiona jambo hawalimezi. Siku moja Fidencio alikuwa ananunua tamali, mkate wa mahindi uliofungwa kwenye majani, kwa Eduviges, jirani yake wa chumba cha karibu na bomba, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa na pilipili kuliko mchuzi wake.

"Fundi, hebu nieleze," Eduviges alisema mbele ya wanunuzi. "Ile simu ya bwana tajiri na ile ya mpishi wake zimezaliwa tumbo moja?"

"Ni santuri ya ofisi, Eduviges."

"Mimi nikadhani mpishi kamwibia bosi! Nikakaa wiki nzima nangoja afukuzwe."

Walicheka wote, hata Fidencio, lakini tamali ile hakuimaliza. Juma lililofuata alimwendea mwongozaji, Bi Casilda, akamweleza kwamba kila mhusika lazima awe na mlio wake, uliochukuliwa kwenye simu ya mtu wa kweli. Bi Casilda alikubali upesi, kwa sababu haikumgharimu kitu. Mhusika mkuu wa tamthilia yao alikuwa Violeta, binti mfuaji nguo aliyependwa na daktari. Simu ya msichana maskini, Fidencio aliwaza, ingekuwa na mlio uliotungwa kwa mkono. Naye aliujua mmoja tu.

"Komadre, niazime mlio wa simu yako."

"Unaazimwaje mlio, kompadre? Utanirudishia umechakaa?"

"Nataka niuingize kwenye tamthilia. Simu ya Violeta."

Obdulia aliushusha mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani. "Tobías wangu? Kwenye televisheni?" Macho yalimlowa, akayafuta kwa kipande cha bitana. "Mchukue. Ila usije ukamnenepesha. Wanasema televisheni inanenepesha."

Jioni mlio ule uliposikika kwa mara ya kwanza, nusu ya nyumba ilikuwa imejaa chumbani kwa Obdulia, kwa kuwa televisheni yake ndiyo ilikuwa kubwa. Simu ya Violeta ililia. Obdulia aliruka na pini mdomoni, akaangusha sketi ya mteja, akafika kwenye rafu kabla hajaelewa.

"Kaa chini, mama, hujaitwa wewe!" alipiga kelele Eduviges. "Daktari anamtaka msichana!"

Kicheko kilitoka mpaka uani. Obdulia alicheka kuliko wote, mkono kifuani. Siku ya pili aliruka tena, wakacheka tena, ingawa kidogo. Baada ya hapo ulipita muda, na jioni moja Fidencio akiwa amekaa pale na kikombe cha kahawa ya mdalasini, simu ya Violeta ililia na Obdulia hakuinua hata kichwa.

"Umeona, kompadre?" alisema kwa fahari. "Sinyanyuki tena. Nimeshazoea. Ajibu mwenyewe, ana mikono."

Hivyo ndivyo Fidencio alivyopata jibu la swali aliloachiwa siku ya mvua. Petro, aliposikia jogoo, alitoka nje akalia kwa uchungu. Fidencio alisikia, akaomba aongezewe kahawa.

Haifai kusema kwamba hakujua la kufanya. Kesho yake angeweza kuuondoa mlio ule kwa kazi ya asubuhi moja. Lakini asubuhi hiyohiyo Bi Casilda alikuja na gazeti ambalo mwandishi wake wa burudani alisema kwamba hatimaye, katika nchi hii, simu ya tamthilia inalia kama simu zetu. Alilisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote, akakata kipande kile na kukibandika mlangoni mwa chumba cha sauti. Fidencio alikuwa hajawahi kubandikwa mlangoni. Akajiambia kwamba atauondoa mlio huo Violeta akishaolewa. Harusi ya Violeta, kama harusi zote za tamthilia, iliahirishwa, na kuahirishwa.

Jioni ambayo hakuisahau tena, Fidencio alikuwa ameketi mlangoni kwake, akiondoa miiba kwenye majani ya mpungate ambayo Amparo angeyakaanga. Madirisha yote ya ua yalikuwa wazi, na kila dirisha lilikuwa na tamthilia ileile. Kipindi cha siku hiyo alikijua kwa moyo. Violeta anasali peke yake kanisani. Yeye Fidencio alikuwa ameweka pale hatua za viatu, mshumaa unaotatarika, na mbwa mmoja wa mbali sana ambaye alijivunia. Basi.

Filimbi ya Tobías ikalia.

Fidencio alisimama, kisu mkononi. Jambo la kwanza lililomjia akilini, na ndilo lililomla maisha yake yote baadaye, lilikuwa hasira. Nani ameingiza simu kanisani? Alimfikiria kijana mmoja wa uhariri ambaye siku nyingi alikuwa akikitamani kiti chake.

"Kuna nini?" Amparo aliuliza kutoka jikoni.

"Wameniharibia kazi! Wameweka simu juu ya mbwa wangu!"

Kutoka chumbani kwa komadre ilisikika sauti ya Obdulia, yenye uchangamfu: "Jibu basi, Violeta! Au leo unasali kweli?" Na sauti ya Eduviges: "Mwache, anamtubia daktari!" Wakacheka. Filimbi ilipanda ngazi, ikateremka, ikapanda tena. Fidencio alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni, anatafuta namba ya studio ili amtukane mtu, ndipo masikio yake, ambayo yalikuwa hayajawahi kumdanganya, yakamwambia kile yalichokuwa yakimwambia tangu noti ya kwanza. Madirisha yote yalikuwa na kanisa. Filimbi ilitoka kwenye dirisha moja.

Alikimbia uani. Alipofika kizingitini, ilikuwa imenyamaza.

"Komadre, simu."

"Ni ya Violeta, kompadre. Ona ulivyo na jasho! Na kisu! Unataka kumwua daktari?"

"Violeta hana simu leo," alisema Fidencio.

Kicheko kiliisha kama taa iliyozimwa. Obdulia aliichukua simu kwenye rafu, akaitazama, akampa Fidencio kwa kuwa hakuweza kubonyeza. Fidencio alipiga namba iliyokuwa imebaki pale. Baada ya muda mrefu alipokea mwanamume asiyejulikana.

"Hii ni simu ya umma, bwana. Kituo cha mabasi."

"Kuna kijana alikuwa anapiga sasa hivi."

"Alikuwepo. Kaondoka na wenzake. Hapana, sijui wapi. Hapa watu wanaondoka tu."

Kesho yake Fidencio aliuondoa mlio. Bi Casilda alipinga, akaonyesha kipande cha gazeti, na Fidencio akakibandua mlangoni mbele yake. Alikishusha kisanduku cha mzee Hilarión kutoka juu ya kabati, akarekodi kengele ile yenye ngozi ya kiatu, akaichezea kwenye mashine mpaka ikawa sauti ambayo hakuna simu duniani iliyokuwa nayo. Mwandishi wa gazeti alisikitika kwamba tamthilia imerudi kwenye uzembe wa zamani. Eduviges alimwuliza kama Violeta amenunua mbuzi.

Nabor hakupiga tena. Ilifika siku ya marehemu wote, na Obdulia alimtengenezea Tobías meza yake kama kila mwaka, na maua ya manjano, mkate, chumvi na glasi ya maji. Amparo alimkuta amesimama mbele ya meza ile na picha ya Nabor mkononi. Hakuiweka kati ya wafu, wala hakuirudisha ukutani. Aliifungia kwenye droo ya cherehani, pamoja na nyuzi.

Mawimbi ya baridi yalikuwa yamepungua, na Eduviges alikuwa anafunga tamali za sikukuu ya mishumaa, filimbi ilipolia asubuhi, wakati hakuna televisheni iliyowashwa. Ua mzima ulisikia. Obdulia alikimbia. Wanawake walinyamaza penye bomba, wakafunga maji ili asikie vizuri.

Baada ya saa nzima alivuka ua, akaingia kwa Fidencio, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Mzima. Yuko upande wa pili, anaosha vyombo. Amevuka."

"Mungu ashukuriwe, komadre," alisema Amparo.

"Anasema siku ile alikuwa kituoni. Alikuwa amechoka, kompadre. Alikuwa anataka kurudi nyumbani. Akasema, nampigia mama, akiniambia njoo, nakata tiketi. Asipopokea, basi hilo ndilo jibu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mjinga kama baba yake. Anaiachia simu iamue. Sasa ndio yuko huko, hana karatasi. Akitoka harudi."

Fidencio alikuwa amesimama kando ya kabati. Amparo alimwambia baadaye kwamba alikuwa amekwajuka kama mtu aliyetolewa damu.

"Komadre, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si ya televisheni. Tangu inaanza. Kipande kile nimekitengeneza mimi, hakikuwa na simu. Nilisimama pale mlangoni nikakasirika. Nilidhani kuna mtu ameingilia kazi yangu."

Obdulia alimgeukia. "Ililia sana."

"Ililia sana."

"Na wewe umesimama."

"Nimesimama."

"Kazi yako," alisema Obdulia. Aliinuka, akanyoosha aproni yake. "Amparo, mume wako ana masikio mazuri sana." Akatoka.

Tangu siku hiyo hakumwita tena kompadre. Alimwita jirani. Alimpa salamu zote zinazostahili, alimpelekea supu alipougua, alimshonea suruali, lakini alimwita jirani, na kila mtu wa ua ule aliyejua maana ya ubatizo aliona aibu kwa niaba yake. Fidencio hakulalamika. Alijaribu kumweleza padri, na padri alimsamehe upesi mno, kama mtu anayelipa dukani wakati foleni ni ndefu.

Kisha jioni moja mlango wake uligongwa.

"Jirani, tamthilia inaanza. Njoo ukae na simu."

"Nikae nayo?"

"Mimi nataka kutazama Violeta kama watu wengine. Nikitazama nasikiliza, nikisikiliza sioni kitu. Wewe ndiye mwenye masikio. Njoo."

Akaenda. Alipewa kiti kilichotazama ukuta, simu ikawekwa mapajani mwake. Kila jioni, Violeta alipolia, alipoolewa, na baada yake wengine wote waliokuja kulia na kuolewa kwenye televisheni ile, Fidencio alikaa pale akisikiliza chini ya tamthilia, kama mtu anayesikiliza maji chini ya ardhi. Nabor alipopiga wakati wa kipindi, simu haikupata kumaliza kupanda ngazi mara moja. Fidencio aliipokea, akasema, "Subiri, mwanangu, mama huyu hapa," akatoka nje akasimama uani mpaka waishe. Hakupata kumweleza Nabor. Obdulia alimkataza. "Ana mke sasa, ana watoto wawili wanaosema Kiingereza," alisema. "Mwache aamini alichagua mwenyewe."

Mara moja, akiomba chumvi, Obdulia alimwita kompadre bila kujitambua. Fidencio alileta chumvi, na usiku alimwambia Amparo, na Amparo aliwasha mshumaa. Kesho yake alikuwa jirani tena.

Obdulia alifariki katika majira ya mvua, akiwa mzee, bila kumwona mwanawe tena. Nabor asingeweza kuja. Angekuja, asingerudi kwa watoto wake. Yeye na Fidencio walikubaliana kwamba atapiga saa ya mazishi. Fidencio alikwenda makaburini na simu ile ya zamani, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa mpira, na waombolezaji walipokuwa wanakaribia shimo, filimbi ya mnoa visu ililia katikati yao. Eduviges, ambaye sasa alitembelea fimbo, aliinua kichwa na kutazama njiani.

Fidencio alipokea. Hakusimama karibu na padri. Alizunguka kaburi, akajaribu mahali pawili, akachagua upande wa miguu ambako upepo ulikuwa kisogoni, akainyoosha simu juu ya shimo. Kamba ziliteleza. Watu waliitikia sala. Udongo uliokuwa na maji ulianza kuanguka, kwanza juu ya mbao, kisha juu ya udongo mwenzake. Eduviges alimnong'oneza, "Lete nikupokee, fundi," naye akatikisa kichwa.

Wachimbaji walipomaliza na kupiga mgongo wa koleo juu ya tuta, aliirudisha simu sikioni.

"Imekwisha, mwanangu," alisema.

Watu walianza kuondoka, na mvua ikaanza. Fidencio alibaki palepale na simu sikioni, hakuikata, mpaka upande wa pili ulipoikata wenyewe.